Mwalimu Hachim na Watoto wa Chumba cha Ndani

Katika mji wa Mutsamudu, kisiwani Nzuani, miaka ile, Wafaransa wakiwa bado ndio wenye muhuri na Wakomoro wakiwa wameanza kukalia baadhi ya viti, watoto hawakumwogopa mtu kama walivyomwogopa Mwalimu Hachim Combo. Katili hakuwa. Alikuwa tu mtu wa kutaka mambo yaende kwa mpango. Kengele ikilia, imelia. Mtoto akichelewa kwa kuwa mto umejaa, Hachim humuuliza kwani jana mto hakuuona. Shati lake lilipigwa pasi hadi mikono ikasimama yenyewe, na kofia aliivua wakati wa kutawadha na wa kulala tu. Watu walimwita fundi, maana visiwani kule kila afundishaye ni fundi, awe wa Kurani au wa Kifaransa.

Alizaliwa Ouani, hapo jirani, baba yake akiwa na chuo cha Kurani uani kwake. Akajua kusoma kabla hajajua kufunga kikoi. Baadaye alipelekwa Madagaska kusomea ualimu, akarudi na miwani na Kifaransa cha kujibizana na mkaguzi, akawa mwalimu mkuu wa shule ya msingi akiwa na ndevu changa bado. Mtu kama huyo haachwi kapera. Mfanyabiashara mmoja wa Mutsamudu alimwoza binti yake, Mouzdalifa, na kama ilivyo desturi ya huko, bwana harusi ndiye aliyefunga virago akahamia kwa mke. Nyumba ni ya binti. Baba humjengea tangu anatambaa. Mume huja na nguo zake na adabu zake.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na Hachim kamba yake aliifunga mwenyewe. Ilikuwa nyumba ya mawe, yenye ukumbi mbele wa kupokelea wageni na chumba cha ndani nyuma ya pazia, ambako Mouzdalifa na mama yake, Koko Moina, ndio waliokuwa serikali. Hachim aliishi humo miaka na miaka asitie neno katika mambo ya nyuma ya pazia. Mouzdalifa naye hakutia neno katika mambo ya shule, hata mara moja. Mji mzima uliwasifu kwa kuheshimiana. Mimi nasema heshima ile ndiyo iliyowaponza.

Walikuwa na mabinti wawili. Mkubwa ni Faouzia, ambaye watu wa Ouani wenye jina walikuwa wameshaanza kuleta maneno ya posa. Mdogo ni Housna. Huyu alipata homa kali akiwa wa miaka mitatu, homa ikaondoka na masikio yake. Tangu hapo ukimwita hageuki. Maneno machache aliyokuwa nayo yakafifia moja moja, hadi likabaki "ma", nalo alilisema kwa sauti iliyowashtua wageni. Kwa hiyo wageni wakija, Housna hushikwa mkono akapelekwa ndani, na pazia hushushwa. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo. Ilianza siku moja, ikawa kila siku.

Hachim alimpenda mtoto yule mpaka kifua kikamuuma. Jioni alipokaa ukumbini, Housna alikuja akamnusa vidole vyenye chaki, akamvuta ndevu, akamkalia pajani hadi usingizi umchukue. Alikuwa na miaka minane sasa, mkaidi, mvunja vikombe, mwenye macho ya kufuatilia kila mkono unaposogea. Kila Oktoba watoto wa rika lake waliandikishwa shuleni, na baba yake ndiye aliyewaandikisha. Jina la Housna hakuliandika. Akilini mwake alijiambia kuwa hilo ni jambo la ndani, wenyewe wakitaka watasema.

Mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na tisa walimu wakuu wachache waliitwa Moroni kwa mafunzo. Hachim akapanda ndege ndogo pale Ouani, akashukia kisiwa kingine, akakuta mji wa mawe meusi usio na mto. Mutsamudu maji yanapita mlangoni. Moroni watu wanakinga mvua kwenye mabirika na kuihesabu kama mali. Siku ya kwanza tu alitawadha kwa maji mengi, mwenyeji wake akamtazama kama mwizi. Mwenyeji huyo alikuwa Kamardine, mwalimu mkuu wa pale pale Moroni, mnene, mcheshi, mwenye kumtania kila mtu kutoka Nzuani.

"Fundi, hapa maji huanguka kutoka kwa Mungu, hayapiti barabarani," alimwambia. "Wabakishie na wengine ya kunawia uso."

Mafunzo yaliongozwa na mkaguzi mmoja mwenyeji wa Vouvouni, Rachadi, mtu mfupi wa maneno mafupi. Alikuwa amekaa Reunion akisomea namna ya kufundisha watoto ambao shule zimewashindwa: viziwi, vipofu, viwete, na wale wanaoelewa polepole. Walimu wakuu walidhani wameitwa kuongezewa mishahara au kusomewa waraka. Mkaguzi akawaondolea wasiwasi, na tamaa pia.

"Serikali itafungua madarasa mawili ya watoto hawa," alisema. "Moja ni la hapa Moroni. La pili litakwenda mji ambao watoto wapo na mwalimu mkuu yuko tayari kulisimamia. Mafunzo yakiisha tutaamua, na likishaamuliwa msitegemee jingine karibuni. Basi kila mmoja aniambie, kwake wapo wangapi?"

Akaanzia kushoto. Wa kwanza akakohoa, akasema kwao hakuna. Wa pili akasema kwao hakuna, ila kuna mzee mmoja kipofu. Kamardine akasema mtaani kwake watoto wote ni wazima, shida yao ni uvivu, watu wakacheka. Zamu ikamfikia Hachim.

Wakati ule mfupi mengi yalimpita kichwani. Aliwaona watu wa Ouani, ambao wakisikia wataanza kuulizana kama Faouzia naye hatazaa viziwi. Akamwona Koko Moina akishusha pazia. Akajiuliza yeye ni nani wa kuja kuitoa siri ya nyumba isiyo yake, mbele ya wanaume, katika mji wa watu.

"Mutsamudu hakuna," akasema.

"Alhamdulillahi," alijibu mkaguzi. "Visiwa vyetu vina afya kuipita Ulaya." Wala hakucheka.

Wiki zikaenda. Walifundishwa kumweka kiziwi mbele, penye mwanga, ili aone midomo. Kutosema huku umegeukia ubao. Kumpa mtoto mzito wa kuelewa jambo moja kwa wakati mmoja. Walifundishwa pia kazi ya mwalimu mkuu mwenyewe: kumlinda mwalimu wa darasa hilo wenzake wasimdharau, kusema na wazazi, kuhakikisha watoto hao hawageuzwi wafagizi wa uwanja. Hachim alishika yote, maana alikuwa mtu wa kushika mambo. Lakini yalimwingia kama sheria za barabarani kwa mtu asiye na gari.

Asubuhi moja Rachadi aliwagawia pamba na nta laini, akawaambia wazibe masikio barabara, kisha waandike imla. Walimu wakacheka kama watoto. Hao wote walikuwa wamepanda vyeo kwa imla. Hachim alikuwa hajawahi kukosa hata alama ya mkato. Mkaguzi akafungua kitabu, akawapa mgongo, akaanza kusoma akitembea.

Hachim aliona mabega ya mtu yakipanda na kushuka. Akasikia mvumo wa damu yake mwenyewe. Aliinua mkono kuomba arudiwe, mkaguzi hakugeuka. Akachungulia kwa Kamardine, na Kamardine alikuwa akichungulia kwake. Mara mkaguzi akageuka, akaja hadi mezani, akaiona karatasi tupu, akaipiga kwa kidole na kusema jambo kwa uso wa hasira. Hachim hakujua amesema nini. Alijua tu kuwa amekosa, na kosa lenyewe halijui. Akaona aibu, kisha hasira, kisha akatamani mno kutoka nje ya chumba kile aende popote.

Alipozibua masikio, mkaguzi alikuwa akisema kwa upole kwamba zoezi lilikuwa la robo saa tu, na kwamba wako wanaoishi humo. Wenzake walikuwa wakipumua na kutaniana. Hachim aliomba ruhusa akaenda uani kwenye birika, akajifanya ananawa, kumbe analia. Na maji ya watu wa Moroni siku ile aliyamwaga bila hesabu.

Maulidi yalipofika walipewa ruhusa ya kwenda makwao. Nyumbani Mutsamudu alipokewa kwa mbaazi za nazi na samaki, Housna akamrukia shingoni. Baada ya chakula Hachim hakuinuka kwenda barazani kama kawaida yake. Alilisogelea pazia, akasimama.

"Hodi, Mama Faouzia."

Mouzdalifa alitoka akifuta mikono. Mumewe hakuwahi kupiga hodi pale hata siku moja. Akadhani kuna msiba.

"Nani amekufa, Baba Faouzia?"

"Hakuna aliyekufa. Kaa nikwambie." Akamweleza yote: darasa, swali la mkaguzi, na jibu alilotoa. "Nilisema Mutsamudu hakuna. Niliona ndivyo mtakavyo humu ndani."

Mouzdalifa alikuwa mwanamke mpole, wa sauti ya chini, na siku ile sauti haikupanda. Ila mikono aliificha ndani ya shiromani, nguo yake ya kujitanda.

"Ulisema hakuna. Mtoto amekulalia pajani miaka yote, wewe ukasema hakuna."

"Nilichelea posa ya Faouzia. Na nyumba ni yako, siri ni yenu. Hukuwahi kuniambia unataka asome."

"Nikwambie mimi?" Mouzdalifa alishangaa kwelikweli. "Mwenye shule ni nani? Kila Oktoba nilimwogesha, nikamsuka nywele, nikasema mwaka huu baba yake atamchukua. Ukatoka peke yako na mkoba wako. Mwaka wa tatu nikaacha kumsuka. Nikasema fundi anajua. Kama shule ingemfaa, angemchukua. Ndipo nikawa nashusha pazia hata wageni wasipokuwapo."

Mambo ndivyo yalivyokuwa: huyu amengoja mlangoni mwa yule, yule amengoja mlangoni mwa huyu, na mtoto yuko katikati haitwi na yeyote. Hachim akasema, "Nimekukosea, na yeye nimemkosea zaidi." Kwa mwalimu mkuu wa zama zile, kumwambia hayo mkewe lilikuwa jambo zito.

Koko Moina, ambaye masikio yake yalipita mapazia yote, akaingilia kutoka ndani. "Na watu wa Ouani je? Posa ikivunjika, aibu yake mtaibeba?"

"Ikivunjika, mama, ivunjike," alisema Mouzdalifa. "Mficha uchi hazai. Sisi tumeuficha hata tukakaribia kusahau kama tumezaa."

Kisha akamwambia mumewe jambo ambalo mkaguzi yeyote angelilipia nauli kulisikia. Mutsamudu watoto hao walikuwapo. Wanawake wanajuana, kwa kuwa kwenye shughuli za harusi huingiliana hadi vyumba vya ndani. Kulikuwa na kijana wa mtaa wa juu asiyesikia, mapacha wawili wazito wa kuelewa, binti wa mwuza vitambaa asiyeona vizuri, na wengine.

"Nipe majina yao," alisema Hachim, akitafuta kalamu.

"Majina si yangu, ni ya mama zao. Na nikwambie, ukiwatangazia msikitini hatakuja hata mmoja. Baba atasikia, atarudi nyumbani, ataona haya kumwuliza mkewe. Huwajui? Wewe mwenyewe ni mmoja wao. Na mama hatampitisha sokoni mtoto aliyemficha miaka kumi, watu wamkodolee macho. Darasa likiwa shuleni, utafundisha madawati. Lete darasa humu ukumbini. Kwangu mimi, watakuja."

"Darasa la serikali, nyumbani kwa mtu?"

"Nyumbani kwangu," alisema Mouzdalifa. "Kazi yako ni kuwafanya wakubwa wa Moroni wakubali."

Alirudi Moroni akiwa hana raha. Kusema uongo mbele ya watu ni rahisi. Kuutengua mbele ya watu wale wale ndiyo kazi. Siku ya mwisho mkaguzi aliuliza tena, kwa sauti ya mtu asiyetarajia kitu, kama kuna mji wa kupewa darasa la pili. Hachim akasimama. 

"Mutsamudu wapo," akasema. "Wa kwanza ana miaka minane, hasikii. Anaitwa Housna, na baba yake ni mimi."

Kamardine, ambaye alikuwa na neno kwa kila jambo, akainamia daftari lake.

"Ulisema hakuna," alisema Rachadi.

"Nilisema hivyo. Niliona haya. Hapa nimefundishwa kumweka kiziwi mbele, na wangu nimemweka nyuma ya pazia. Kama hilo linaniondolea sifa ya kusimamia darasa, sawa, mpe mwingine. Lakini darasa liende Mutsamudu."

Akaeleza na sharti la mkewe. Afisa mmoja wa Kifaransa aliyekuja kufunga mafunzo akasema haiwezekani, shule ni shule na nyumba ni nyumba, na nani atakuwa mkubwa wa mahali hapo? Hachim, ambaye maisha yake yote alipenda mambo yaende kwa mpango, akajikuta anatetea jambo lisilo na mpango wowote. Akasema kuwa baba yake alifundisha uani kwake, na nusu ya watu waliomo humu walijua herufi kwenye ua wa mtu. Akasema mtoto aliyefichwa hafuatwi na kengele. Akasema mkubwa wa mahali hapo atakuwa mke wake, na yeye atapiga hodi. Walimu wakacheka, lakini si kwa kejeli. Rachadi akamwambia afisa kwamba mwalimu huyu ndiye pekee aliyeelewa alichofundishwa, na kwamba wampe mwaka mmoja wa kujaribu.

Walipotoka, Kamardine alimshika mkono Hachim, akatembea naye hadi karibu na msikiti bila kutania. Hatimaye akasema, "Kule Mvouni kwa mama yangu yuko mdogo wangu. Hatembei. Wale niliowaita wazima, yeye sikumtia katika hesabu." Hachim akamwambia arudi amtafute mkaguzi kabla hajapanda gari kwenda kwao. Kamardine akageuka, akakimbia na unene wake wote.

Watu wa Ouani walivunja posa. Walituma mtu mzima mwenye maneno ya asali, akasema kijana wao bado anasoma. Faouzia alilia, akamnunia baba yake mwezi mzima, na alikuwa na haki yake. Baadaye aliolewa na karani wa forodha ambaye hakuwa na ukoo mkubwa wala mdomo mkubwa, wakakaa vizuri.

Darasa likaanza ukumbini. Mikeka ilitandikwa, ubao ukaegemezwa penye mwanga wa dirisha, na mwalimu kijana aliyepelekwa na serikali akapewa kahawa na amri na Koko Moina. Mouzdalifa alipita nyumba kwa nyumba, akiingia kwa milango ya nyuma ambayo wanaume hawaijui. Watoto wakaja mmoja mmoja, alfajiri, mama zao wakiwa wamejifunika. Hachim kila siku alitoka shuleni akaja kukagua, akasimama mlangoni na kupiga hodi, akangoja aambiwe karibu.

Baada ya miezi kadhaa Rachadi alikuja Mutsamudu kuona. Alikaa mkekani pamoja na Hachim, akatazama watoto wakisoma midomo na kuandika majina yao. Akauliza kama hawa ndio wote. Hachim, kwa fahari ya mwalimu mkuu anayejua watu wake, akajibu kwamba ndio wote, mji mzima umeshapitiwa.

Housna alikuwa ameketi mbele, macho yakiwa midomoni mwa baba yake. Akainuka bila ruhusa ya mtu. Akapita katikati ya wenzake, akalifikia pazia la chumba cha ndani, akaingiza mkono. Nyuma ya pazia alikuwa amesimama mwanamke mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma kuchungulia tu, bila kumwambia hata Mouzdalifa kilichomleta, akiwa amemficha mtoto mdogo ndani ya shiromani. Housna akamshika yule mtoto kifundo cha mkono, akavuta. Mama naye alishikilia kwa muda, huku akitazama wanaume waliomo ukumbini, kisha akaachia.

Housna akamleta hadi mbele, penye mwanga. Mkeka ulikuwa umejaa. Akamtazama mkaguzi, akamtazama baba yake, akampiga baba yake begani mara mbili kwa kiganja, kama anavyofanya mtu mwenye haraka.

Hachim akasogea, akampisha yule mtoto.